Nasaba na Kumbukumbu katika Bonde la Kilombero: Njia za Kufuatilia Koo za Mchombe

Utangulizi



Mhadhara huu unahusu swali linaloulizwa katika kaya nyingi za Mchombe: babu wa babu alitoka wapi, na habari zake zapatikana wapi? Mchombe ni kata iliyo chini ya Milima ya Udzungwa, katika njia itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Katika bonde hilo Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wambunga, Wahehe na wengineo wameishi na kuoana kwa vizazi vingi. Hoja ya msingi ni kwamba hakuna chanzo kimoja kinachojitosheleza, na kwamba taaluma ya lugha ndiyo kiungo kati ya maandishi na masimulizi.

Maandishi na Mipaka Yake

Mtafiti anayesaka neno Kilombero katika majalada ya kale ataambulia machache. Wajerumani walilitawala bonde kutoka boma la Mahenge. Waingereza baadaye waliliweka katika Wilaya ya Ulanga, na hata mto wenyewe huitwa Ulanga katika maandishi mengi ya zamani. Kwa hiyo, katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, sharti aanze na Mahenge, kisha Ulanga, ndipo afike Kilombero. Hata hivyo, majalada ya utawala na kodi huwataja zaidi majumbe na wanaume walipa kodi. Wanawake na watoto hawaonekani kwa urahisi.

Vitabu vya parokia huziba sehemu ya pengo hilo. Wakapuchini wa Uswisi walianza utume wao nchini mwaka 1921, wakichukua mahali pa Wabenediktini. Daftari la ubatizo hutaja wazazi wote wawili na wasimamizi, na pembeni huongezwa habari za kipaimara na ndoa. Parokia mpya inapozaliwa, vitabu vya awali hubaki parokia mama. Hivyo asiyemwona babu yake karibu na kwao amtafute huko. Lakini Waislamu na wafuasi wa dini za jadi hawamo.

Kitabu cha A. T. na G. M. Culwick, Ubena of the Rivers (1935), kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga. Ni hazina kubwa, ila nasaba inayosimuliwa na nyumba ya watawala huwaangazia watawala. Mkulima wa kawaida hana budi kutafutwa kwingine.

Majina na Tahajia

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Mwandishi Mjerumani aliweza kuandika sauti ya ch kwa herufi tsch, na ya y kwa j. Hivyo Mchombe yaweza kuonekana kama Mtschombe. Wapogoro na Wapogolo ni watu walewale. Aidha, mtu huyohuyo aweza kuwa na jina la utoto, jina la ubatizo lililoandikwa Kilatini, na jina la baba yake. Kwa kuwa wengi hubeba jina la baba na la babu, jina la mwisho hubadilika kila baada ya kizazi.

Lugha yenyewe ni ushahidi. Malcolm Guthrie aliipanga Kindamba katika kanda G (G.52) na Kimbunga katika kanda P (P.15), ijapokuwa wasemaji wake ni majirani. Mpangilio huo unaafikiana na masimulizi kwamba Wambunga walihamia bondeni kutoka kusini katika karne ya 19.

Masimulizi ya Wazee

Miaka ya 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji (1905–1907), vita vilivyolikumba bonde hili pia. Waliosimulia wamekwisha kufa. Maneno yao yamebaki kwa sababu yaliandikwa. Somo ni dhahiri.

Anayehoji mzee atambue kwamba "baba" aweza kuwa ndugu wa baba, na "babu" yeyote wa rika lile. Aulize mwiko wa ukoo, upande wa mama, na mahame yalipo. Uhamishaji wa watu vijijini katika miaka ya 1970 uliyaacha makaburi mengi porini, mbali na wajukuu. Bibi asiyetajwa katika jalada lolote mara nyingi ndiye ajuaye nani alizikwa wapi.

Hitimisho

Katika bonde lenye ardhi inayogombewa, nasaba yaweza kugeuzwa silaha ya kumtenga jirani. Ushahidi hauungi mkono jambo hilo. Kila chanzo kilichotajwa hapa kinaonesha watu waliokuja kwa nyakati mbalimbali: kwa vita, kwa ndoa, kwa mpunga, kwa ujenzi wa reli ya TAZARA (1970–1975). Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeukabidhi usimamizi wa ardhi kwa halmashauri ya kijiji, si kwa ukoo.

Wajibu wa wanafunzi, basi, ni kuandika masimulizi ya wazee wao kwa lugha walizosimuliwa, kabla wasimulizi hawajaondoka. Ukoo uliofuatiliwa kwa uaminifu humrudishia mtu jamaa wengi kuliko aliowadhani.