Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi ya Kikundi



Habari za hisa na mikopo atazisoma Mweka Hazina. Sisi tunasema habari ya fedha iliyotugombanisha kuliko zote.

Mwaka 2021 mume wa mwenzetu alianza kubanwa pumzi na kuumwa ubavu. Zahanati moja ikamtibu kifua kikuu miezi mizima, na makohozi hayakuonyesha kitu. Alipofika hospitali kubwa wakamtoa maji kifuani, wakakata kinyama wakapima. Ikawa mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu. Daktari akamwuliza kama aliwahi kugusa asbestosi. Ujanani Mzee alikuwa akikata shiti za asbestosi za kuezekea kwa msumeno, vumbi linaruka kama unga. Kumbe vumbi lile hukaa mwilini miaka 20 mpaka 50 ndipo ugonjwa utokee. Na ovaroli zile nani alikuwa anazikung'uta na kuzifua? Mkewe, mwenzetu.

Daktari hakuficha. Alisema dawa hazitamponya. Zipo mbili za mshipani, sisplatini na pemetreksedi, kila baada ya wiki 3, pamoja na vidonge vya foliki na sindano ya vitamini B12 kupunguza madhara. Katika utafiti wa mwaka 2003, nusu ya waliopewa zote mbili waliishi zaidi ya miezi 12. Wa sisplatini peke yake, miezi 9.

Hapo kikao kikawaka moto. Katiba yetu ilisema mfuko wa maafa ni wa msiba. Mmoja akasema kutoa fedha za msiba mtu yu hai ni kumchimbia kaburi. Tulikaa vikao viwili, tukapiga kura, zikatoka.

Baada ya dozi mbili Mzee akakataa ya tatu. Alikuwa anatapika, hata kwenda chooni anashikwa mkono. Jamani, tuseme kweli, sisi tulikasirika. Tulikwenda nyumbani kwake tukamwambia tumejinyima tukachanga, yeye anaacha! Mkewe akatujibu, "Fedha ni zenu, mwili ni wake." Tukatoka kimya. Mpaka leo tunaona haya.

Muuguzi wa tiba shufaa ndiye aliyetufungua macho. Alisema tiba hiyo si kumtupa mgonjwa, tena ilifaa ianze siku ile ile ugonjwa ulipojulikana, sambamba na zile dawa. Akampa mofini ya maji ya kunywa, kwa saa, asingoje maumivu, na dawa ya choo kwa sababu mofini hufunga choo. Wengine wetu tuliogopa atakuwa teja. Wapi! Mzee alilala usingizi, pumzi ikatulia, akasikiliza mpira redioni. Fedha iliyobaki ikawa ya teksi ya kwenda kutolewa maji kifuani, na mito ya kuegemea akiwa ameketi. Aliishi miezi minne, akafia nyumbani kwake.

Mwaka 2022 tulibadili katiba. Sasa nusu ya mfuko wa maafa ni ya mgonjwa akiwa hai, naye mwenyewe ndiye anayesema itumikeje.

Mjane wake ndiye Mweka Hazina wetu, huyu hapa. Akianza kukohoa au kubanwa pumzi, tumekubaliana wawili wetu watafuatana naye, na neno la kwanza kwa daktari litakuwa lile vumbi la ovaroli. Nauli imeshatengwa.