Safari ya Saa 15 Angani na Afya ya Miguu Yako

  Leo tutazungumza juu ya safari ndefu za ndege.

Kutoka Nairobi hadi New York, Marekani, ni takriban kilomita 11,800. Mnamo Oktoba 2018 ilianza safari ya ndege isiyotua njiani. Kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi kama saa 14. Kurudi ni upesi zaidi kwa sababu juu angani kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, nao huisukuma ndege. Anayebadilisha ndege njiani huchelewa, lakini angalau hushuka akatembea. Asiyeshuka lazima ajitafutie nafasi ya kutembea.

Mama mmoja alikuja kwetu siku nne baada ya kurudi kutoka kumwona mjukuu wake. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, wa kulia ulikuwa mzima. Nyumbani walidhani ni uchovu, wakauchua kwa mafuta. Nikamwuliza, "Mama, ndani ya ndege uliinuka mara ngapi?" Akajibu, "Sista, sikuinuka. Niliona haya kuwasumbua wenzangu, hata maji sikunywa ili nisiende choo." Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Alipata dawa mapema, na leo anatembea vizuri.

Kwa nini damu huganda? Ukitembea, misuli ya shavu la mguu hukamua mishipa na kurudisha damu kwenye moyo. Ukikaa sana magoti yamekunjwa, damu huenda polepole na yaweza kuganda. Bonge hilo likikatika hufika kwenye mapafu, na laweza kuua.

Usiogope kusafiri. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kusafiri ukiwa umeketi kwa zaidi ya saa 4 huongeza hatari hii karibu mara mbili, lakini bado ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Hata abiria wa basi anahusika.

Basi fanya hivi:

Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, taa ya mkanda ikiwa imezimwa. Ukiwa umeketi, inua visigino, kisha vidole, mara nyingi. Kunywa maji. Epuka pombe na dawa za usingizi. Mizigo usiiweke miguuni.

Ikiwa umefanyiwa upasuaji hivi karibuni, una mimba, umejifungua juzi, una saratani, unatumia vidonge vya kupanga uzazi, au uliwahi kuganda damu, mwone daktari kabla ya kukata tiketi. Usijipe aspirini mwenyewe.

Baada ya safari, hata wiki kadhaa baadaye, mguu mmoja ukivimba, ukiuma au kuwa na joto, usiuchue. Nenda hospitali. Ukishindwa kupumua, ukichomwa kifuani au ukikohoa damu, nenda saa hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba ulisafiri.

Msikilizaji, jirani yako akiomba kupita, mpishe. Na wewe usione haya kuomba njia. Kwaherini, na afya njema.