Kasiksi ya nyumba yetu imerudi



Vita ya 1996 ilitukuta wadogo. Tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukaacha mtumbwi wa babu, ule wa kukamulia ndizi. Tuliporudi haukuwepo, na migomba ilikuwa imemezwa na nyasi. Kilichobaki ni mikono ya mama.

Sisi tuliokulia kambini Nyarugusu, kasiksi tuliijua jina tu. Mara ya kwanza tulifukia ndizi siku mbili, tukasema inatosha. Wapi! Maji hayakutoka. Mama akacheka: "Ndizi haijui haraka yenu."

Sasa tunajua. Shimo lipashwe moto, litandikwe majani ya mgomba, ndizi zilale humo siku nne au tano. Halafu kumenya, kukanda na nyasi mpaka maji yatoke, kuchuja, kutia unga wa mtama uliokaangwa. Mtama ndio unaoamsha pombe. Bidoni za kwanza zimeshalipa ada ya shule ya watoto.

Lakini ugonjwa wa mnyauko unamaliza migomba, na panga ndilo linaloubeba. Ukikata mgomba mmoja, lipitishe motoni kwanza kabla ya kugusa mwingine.

Leo hatuombi pesa. Tunaomba miche safi, na kila nyumba itume kijana mmoja siku ya kukamua. Mama amezeeka, jamani. Tujifunze angali yupo.