Muhuri Ulio Nyuma ya Kibao cha Fedha

Wahenga walinena, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini kuna kitu ambacho chema chake na kibaya chake hung'aa sawasawa, nacho ni fedha.

Huko Uingereza, tangu miaka ya 1730 hivi, matajiri waliimimina divai katika chupa nzuri za kioo kabla ya kuileta mezani. Chupa hizo hazikuwa na maandishi. Basi masonara wakafua vibao vidogo vya fedha, wakavichora jina la kinywaji, kama Port au Madeira, wakavitia mkufu, vikaning'inia shingoni mwa chupa mfano wa kidani. Sikusudii kusifu ulevi. Nakusudia tukigeuze kibao na kutazama alama zilizopigwa nyuma yake.

Fedha tupu ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo. Kipimo cha Kiingereza ni sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Ni mnunuzi gani awezaye kuzihesabu kwa macho? Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka wa 1300, enzi ya Mfalme Edward I, iliamuru kwamba fedha ipimwe na wasimamizi, wala si na yule aliyeifua, ndipo ipigwe chapa ya kichwa cha chui.

Kibao cha London cha mwaka wa 1800, kikiwa na chapa zote, huonyesha herufi za jina la sonara. Simba atembeaye, shahidi wa zile sehemu 925. Kichwa cha chui, alama ya London. Herufi ya mwaka. Na kichwa cha mfalme, dalili ya kuwa ushuru umelipwa. Birmingham ilipiga nanga, na Sheffield wakati huo ilipiga taji. Vibao vya kwanza vingi vina alama ya sonara peke yake, maana vitu vidogo vilikuwa vimesamehewa. Lakini sheria ya mwaka wa 1790 ilivitaja vibao vya chupa waziwazi, kwamba navyo sharti vipigwe muhuri.

Wadanganyifu hawakukosa. Mwaka wa 1757 adhabu ya kughushi muhuri ilifanywa kuwa kifo. Hata hivyo hila haikuisha, kwani kijiko kikuukuu chaweza kukatwa kikafanywa kibao, na chapa yake ikabaki vile vile: chapa ni ya kweli, kitu ni cha uongo. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hulinganisha chapa na kitu chenyewe. Akiona herufi ya mwaka wa 1710 juu ya kibao cha chupa, na afunge mfuko wake; mwaka huo vibao vya namna hiyo vilikuwa bado kufuliwa.

Mabibi na Mabwana, muhuri ni neno la mtu asiyekuwapo. Ukiaminiwa, mgeni hununua kwa mgeni bila hofu. Ukighushiwa, hata sonara mwaminifu hushukiwa. Fedha ikiharibika huyeyushwa ikafuliwa upya, bali uaminifu hauna tanuru.