Amenawiri, au Amezidi?



Kwetu mtoto akinenepa, wageni husema, "Mashallah, amenawiri!" Mama naye hufurahi. Lakini jicho la mgeni halipimi. Hupimwa uzito na urefu pamoja, kisha hulinganishwa na umri wake. Kliniki watakufanyia kwa dakika chache tu.

Na msifikiri haya ni ya Marekani pekee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipima watoto 563 wa miaka 9 hadi 11 katika shule za hapa Nairobi, wakatoa matokeo mwaka 2014. Katika kila watoto 5, mmoja uzito wake ulikuwa umezidi. Waliotimiza dakika 60 za mchezo wa nguvu kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, hawakufika hata 13 kwa kila 100.

Watacheza wapi jamani? Huku Kilimani na Westlands mtoto hutoka mlangoni akaingia basi la shule, jioni yuko kwenye simu. Chini ya gorofa ni magari matupu, na mlinzi hataki mpira. KFC nao walipofungua duka la kwanza nchini mwaka 2011, walilifungua Junction, Ngong Road, hapa hapa kwetu. Lakini tusiwalaumu wao tu. Kaimati tunazitia shira sisi wenyewe! Na chupa ya kola ya mililita 500 ina sukari kama vijiko 13 vya chai. Ungempa mwanao vijiko hivyo arambe?

Ramadhan ndiyo inazidisha. Mtoto hakufunga, au alifunga nusu siku. Mchana amekula, magharibi anaketi nasi kwa sambusa, bhajia, juisi, halafu biriani.

Sasa, usimlazimishe kufunga ili akonde. Saumu si ya hiyo, na mwili wake bado unakua. Wala usimwite "kibonge" mbele ya nduguze. Atakula kwa kujificha. Badilisheni meza ya nyumba nzima: tende, maji, matunda, viazi vya kuchemsha badala ya karai. Sahani iwe ndogo, na akisema ameshiba, mwacheni. (Akina nyanya watanikasirikia kwa hilo.) Jumamosi mpelekeni Arboretum akimbie, na kama msikiti u karibu, tarawehe nendeni naye kwa miguu.