Ufalme wa Miaka Elfu: Tupande au Tungoje?

Hii ni hotuba ya nne katika masomo yetu juu ya siku za mwisho. Fungueni Ufunuo 20:1-7, kisha wekeni kidole katika Yeremia 32. Mbele kidogo mtaona kwa nini tunaziweka sura hizo mbili pamoja.

Tulipofundisha juu ya kunyakuliwa kwa Kanisa na juu ya dhiki kuu, jumbe ziliingia nyingi. Mmoja umetusimamisha. Mama mmoja ametuandikia kwamba bwana yake amepokea unabii katika simu, unaosema kwamba mwaka huu hautaisha kabla Yesu hajarudi. Sasa baba anataka kuuza shamba lao la mlimani, sehemu ya pesa impelekee huyo nabii, na watoto wasirudi masomoni mwezi wa tisa. Mama anauliza maneno machache tu: "Pasta, kama Yesu yuko njiani, tupande au tungoje?"

Tunajua kwamba swali hilo linaulizwa katika nyumba nyingi, kwa hiyo tunalijibu mbele ya wote, bila kutaja jina wala kijiji.

Kwanza tuseme imani yetu wazi, maana wako wanaofikiri kwamba dawa ya manabii wa uongo ni kunyamaza juu ya kurudi kwa Bwana. Hatutanyamaza. Sisi Wapentekoste tunaamini kwamba Yesu atarudi, ataonekana kwa macho, na atatawala hapa duniani miaka elfu. Toka mstari wa 2 mpaka wa 7 wa Ufunuo 20, Yohana anaitaja hiyo miaka elfu mara sita, mara moja katika kila mstari. Shetani anafungwa ili asidanganye mataifa tena. Waliouawa kwa ajili ya ushuhuda wa Yesu wanakuwa hai na kutawala pamoja naye. Kisha Shetani anafunguliwa kwa muda mfupi, anashindwa kabisa, na baada ya hapo ni hukumu ya kiti kikubwa cheupe, halafu mbingu mpya na nchi mpya.

Si Wakristo wote wanaosoma hivyo, na ni vizuri mjue. Yustino Shahidi, katika karne ya pili, aliamini ufalme wa miaka elfu kama sisi, lakini alikubali kwamba wako Wakristo wengi wa kweli waliofikiri vingine. Augustino, askofu wa Hipo katika nchi ya Afrika inayoitwa leo Algeria, alifundisha kwamba miaka elfu ni wakati huu wa Kanisa, na Wakatoliki pamoja na Waprotestanti wengi wamemfuata. Sisi tunaona maandiko yanasema zaidi ya hapo. Lakini jirani anayemfuata Augustino, usimwite mpagani. Mtakutana naye siku ile, na mtaona haya.

Sasa, huo ufalme ni wa namna gani? Hapa ndipo wengi wetu tunapita haraka mno. Tunasema "mbinguni, mbinguni", kama kwamba Mungu ameichoka dunia aliyoiumba. Someni Isaya 65:21-22. Nabii anaona watu wanaojenga nyumba na kukaa ndani yake wenyewe, wanaopanda mizabibu na kula matunda yake wenyewe. Anaongeza kwamba hawatajenga ili mwingine aje kukaa. Katika nchi nyingine labda mtu anasoma mstari huo na kuupita. Sisi wa huku hatuwezi kuupita. Ni wangapi kati yetu waliopanda maharage na yakavunwa na watu wenye bunduki? Ni wangapi walioacha nyumba yenye mabati mapya, wakaenda kulala chini ya shiti katika kambi, na waliporudi wakakuta mlango, madirisha na mabati vimekwenda? Mungu anayajua mambo hayo. Ameyatia ndani ya Neno lake, na ameahidi kwamba chini ya utawala wa Mfalme wake hayatakuwako.

Mika 4:3-4 anasema mataifa watageuza silaha kuwa vyombo vya shamba, na kila mtu atakaa chini ya mti wake bila mtu wa kumtisha. Isaya 11:3-4 anasema Mfalme huyo hatahukumu kwa kutazama sura ya mtu, wala kwa maneno aliyosikia tu. Maskini watapata haki yao. Fikirini hukumu ambayo hakuna bahasha inayopita chini ya meza! Na Zakaria 8:4-5, tunaupenda sana mstari ule: wazee wanaume kwa wanawake wameketi katika njia za Yerusalemu, kila mmoja na fimbo yake kwa sababu ya umri, na watoto wanacheza barabarani. Nabii angeweza kuchagua dhahabu. Alichagua wazee waliofikia uzee, na watoto wanaocheza nje bila mama zao kuogopa. Barabara isiyo na bariere, tungesema sisi.

Basi kama Mfalme anayekuja ni Mfalme wa mashamba yenye amani, je, njia ya kumpokea ni kuuza shamba?

Wathesalonike walipatwa na jambo hilohilo. Katika 2 Wathesalonike 2:1-3 Paulo anawaonya wasitikiswe haraka, iwe kwa roho, iwe kwa neno, iwe kwa barua inayosemekana imetoka kwake, kwamba siku ya Bwana imefika. Mnaona? Zamani zile palikuwa na barua iliyozunguka yenye jina la mtume ambaye hakuiandika. Leo inazunguka katika simu, na chini yake imeandikwa: "Tuma kwa watu kumi." Na katika sura ya 3:11 tunasoma matokeo: wamoja waliacha kazi, wakawa watu wa kuzungukazunguka katika mambo ya wengine. Dawa ya Paulo haikuwa tarehe nyingine. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Historia imejaa habari za namna hii. Katika Marekani, William Miller na wafuasi wake walingoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Wako waliokuwa wameacha mazao yao shambani. Usiku ukapita, kukacha. Hapa kwetu wazee wanakumbuka habari za Kitawala. Mwaka 1944, pande za Masisi na Lubutu, watu waliinuka nyuma ya Bushiri wakiamini kwamba utawala wa Wabelgiji umefika mwisho na wakati mpya umeanza. Hatuwacheki watu wale. Walikuwa chini ya kazi za lazima na kodi, na kiu yao ya haki ilikuwa ya kweli. Lakini waliahidiwa wakati ambao hakuna mtu aliyepewa kuutangaza, na damu ikamwagika. Kisha Kanungu, katika Uganda, si mbali na mpaka wetu, tarehe 17 Machi 2000: mamia ya watu waliangamia, wengi wao motoni ndani ya nyumba ya ibada. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu waliofundishwa kufunga chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Pamoja na watoto wao, wapendwa. Watoto hawakuchagua.

Mtu atasema: "Lakini Pasta, dalili zinaonekana! Vita, magonjwa, mlima unatoa moto." Ni kweli. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka na moto ukaingia katikati ya Goma, na tarehe 22 Mei 2021 ilitoa moto tena. Kila mara wako waliosema: sasa ndiyo mwisho. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 24:6-8, amesema tukisikia vita na matetemeko tusitishwe, kwa sababu mwisho wenyewe bado. Hayo ni mwanzo wa uchungu. Wamama wanaelewa neno hilo kuliko sisi wanaume. Uchungu wa kwanza unaweza kuanza jioni na mtoto azaliwe kesho yake. Na mwanamke anayesikia uchungu, je, anauza vitenge alivyomwekea mtoto? Anavitandaza. Anaweka maji motoni. Uchungu unamwambia atayarishe nyumba.

Sasa tugeuke Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu. Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi, kwa sababu alitangaza kwamba mji utatekwa. Huyu hakuwa nabii wa kubahatisha: alijua hakika kwamba mji unaanguka. Ndipo binamu yake Hanameli anakuja kumwomba anunue shamba la Anathothi. Ni biashara gani hiyo? Shamba katika nchi iliyojaa askari wa adui, na mnunuzi yuko kifungoni! Sisi tungesema Hanameli anatafuta mjinga. Lakini Bwana anamwambia Yeremia anunue. Na ananunua, kwa shekeli 17 za fedha.

Tazameni anavyofanya. Anapima fedha kwenye mizani. Anaandika hati, anatia muhuri, anaita mashahidi. Kuna hati iliyofungwa na nakala iliyo wazi. Anampa Baruku mbele ya watu wote na kumwagiza azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Sisi tuliokimbia mara nyingi tunajua maana ya kuhifadhi makaratasi ya shamba. Wengine waliyafukia ndani ya bidoni, wengine waliyashona katika nguo. Na neno la Bwana linafuata katika mstari wa 15: watu watanunua tena nyumba, na mashamba, na mizabibu katika nchi hiyo. Yeremia hakununua kwa sababu hali ilikuwa nzuri. Alinunua kwa sababu Mungu alikuwa hajamaliza kazi yake na nchi ile.

Baba yetu unayetaka kuuza, tunakuheshimu, na tunajua si pombe wala anasa inayokusukuma, unampenda Bwana. Lakini tunakuuliza kwa upole: huyo nabii wa simu, je, yeye ameuza parseli yake? Kama Yesu anarudi kabla mwaka kuisha, sehemu ya pesa yako ataifanyia nini? Yesu amesema siku ile na saa ile haijulikani na mtu, hata malaika (Mathayo 24:36). Aliyesema anaijua amejiweka juu ya malaika. Na Kumbukumbu la Torati 18:22 inatuambia la kufanya nabii akisema neno lisitokee: tusimwogope.

Yesu mwenyewe ametuonyesha namna ya kungoja. Katika Luka 19, wakati watu walipodhani ufalme utaonekana palepale, aliwapa mfano wa bwana aliyesafiri na kuwaachia watumishi wake fedha, akawaagiza wafanye biashara mpaka arudi. Aliyekuwa mwaminifu katika kidogo alipewa kutawala miji kumi. Miji! Mtu atakayepewa mji katika ufalme wa miaka elfu anajifunzia leo pale sokoni, katika mizani isiyoiba, katika kilo ya unga iliyo kilo kweli.

Na kuna jambo jingine ambalo hatulihubiri mara nyingi. Katika 1 Wakorintho 6:1-3 Paulo anawauliza Wakristo wanaoshtakiana: kama watakatifu watahukumu ulimwengu, mnashindwa namna gani kuamua mambo madogo kati yenu? Tunawajua wazee wawili wa kanisa, wote wanaimba juu ya Yerusalemu mpya, na mwaka wa tatu huu hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba ambao mbuzi anauruka kwa hatua moja. Kama hamuwezi kupima mita mbili kwa haki, mtapewa mji gani?

Mama uliyetuandikia, jibu letu ni hili: pandeni, na mngoje. Msitenganishe hayo mawili. Usimtukane bwana yako wala usimshtaki mbele ya watoto. Msomee Yeremia 32 jioni moja, polepole, mkiwa wawili. Akitaka kuzungumza, mlango wa mchungaji wenu uko wazi, na sisi pia tutampokea redioni siku ya Alhamisi baada ya kipindi. Watoto warudi masomoni. Kama pesa ya masomo haijatimia, waambie mashemasi mapema. Mfuko wa kanisa ni mdogo, lakini upo. Na mbegu za maharage zinaanza kupanda bei sokoni, kwa hiyo nunueni wiki hii kabla mvua hazijashika.

Hotuba ijayo tutafundisha juu ya kiti kikubwa cheupe, Ufunuo 20:11-15. Someni mapema, na wenye maswali waandike. Mungu awabariki.