Kumwachia Mungu na Kukata Shauri

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaukoo, Maskati, siku ya Ijumaa baada ya ibada)



Wenye kuuandaa mkutano huu wameniomba niseme machache juu ya Mkristo na mapenzi ya Mungu anapokabiliwa na jambo la kuamua. Nimeikubali kazi hiyo kwa moyo mmoja, kwa kuwa kesho asubuhi tunalo jambo la kuamua. Mama Mkubwa wetu, ambaye wengi wenu humwita Bibi, yuko peke yake Magila, na umri wake sasa ni miaka 89. Macho yake yamefifia, na tangu mvua za masika hawezi kwenda kanisani bila kushikwa mkono. Fedha tunazomtumia humfikia kwa simu siku ile ile. Lakini anayelala karibu naye usiku ni binti wa jirani, na binti huyo ataolewa mwishoni mwa mwaka huu.

Kwa miezi mingi tumeandikiana na kupigiana simu juu ya jambo hili, na kila mazungumzo yamekwisha kwa maneno yale yale: "Tumwachie Mungu." Ni maneno mema, na wazazi wetu walituachia maneno hayo kama urithi. Hata hivyo yaweza kubeba maana mbili zisizopatana, na ni wajibu wetu kujua tunayasema kwa maana ipi.

Waliopata kufanya kazi serikalini watauelewa mfano huu. Katika ofisi zetu yalikuwapo majalada ya namna mbili. Lilikuwapo jalada lililopelekwa kwa mkubwa likiwa na dokezo kamili: habari zote zimeandikwa, maoni ya mwandishi yamewekwa wazi, na mwisho wake anaomba maelekezo. Tena lilikuwapo jalada lililowekwa rafuni na kuandikwa "Lisubiri", kwa sababu hapakuwa na aliyetaka kulitia sahihi. Mtu wa nje angedhani kwamba majalada yote mawili yanangoja uamuzi wa mkubwa. Kumbe lile la pili halikupata kumfikia.

Katika mji huu neno inshallah halikauki midomoni mwa watu, wala si neno geni kwetu tuliolelewa karibu na pwani. Mtume Yakobo naye, katika sura ya nne ya waraka wake, anawafundisha Wakristo wenye mipango ya safari na biashara waseme kwamba watafanya hili na lile Bwana akipenda. Angalieni kwamba hakuwakataza kupanga. Aliwakataza kujisifu kana kwamba kesho ni mali yao. Wahenga wetu nao walisema kwamba jitihada haiondoi kudura, lakini ni wao hao walioongeza kwamba ajizi ni nyumba ya njaa.

Naomba sasa niwakumbushe habari ya mtu aliyezikwa katika mji huu tunamokutana. Mwaka 1888, Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti na mmisionari wa CMS, alikuwa Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuwa amefukuzwa Buganda mwaka uliotangulia. Kutoka huko aliandika makala ndefu kuhusu Maskati, Zanzibar na bara la kati, akieleza jinsi mji huu ulivyofungamana na pwani yetu na njia za biashara zilizofika mpaka kwenye maziwa. Aliomba vijana wachache, wasomi hodari wa vyuo vikuu vya Uingereza, waje kufanya kazi Maskati. Februari 1890 Mackay alifariki kwa homa huko huko Usambiro, kabla ya kumwona hata mmoja.

Aliyeitikia hakuwa kijana. Alikuwa Thomas Valpy French, askofu wa kwanza wa Lahore, aliyekwisha kujiuzulu mwaka 1887 baada ya miaka kumi ya uaskofu na miaka mingi ya kazi nchini India. Naye hakukurupuka. Baada ya kujiuzulu alisafiri katika nchi za Waarabu na kuzidi kujifunza Kiarabu. Februari 1891 alishuka hapa Maskati akiwa na umri wa miaka 66. Joto lilipozidi alisafiri kwa chombo mpaka Sib, akitumaini kuingia bara. Huko nguvu zilimwishia, akarudishwa Maskati, na tarehe 14 Mei 1891 akafariki. Kaburi lake lipo katika ghuba ndogo iliyobanwa na majabali, karibu na Maskati ya kale.

Hakuacha kanisa wala shule. Ukihesabu kwa hesabu za kibinadamu, miezi mitatu ile ilikuwa hasara. Miaka miwili baadaye alifika Maskati Mmarekani kijana, Peter Zwemer. Mwaka 1896 kijana huyo aliwapokea watoto 18 wa Kiafrika waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, akawalea na kuwafundisha. Mwaka 1898 naye alifariki. French hakuwaona watoto wale, kama Mackay asivyomwona French.

Sisemi kwamba kila mzee apande chombo kwenda kufa juani. Ninayoyaona katika habari hii ni mambo mawili. La kwanza, aliyeitwa kwa jina la ujana aliitikiwa na mstaafu. Maana yake ni kwamba yule tunayemnyoshea kidole si lazima awe ndiye aliyekusudiwa. La pili, kujitoa kwa Mungu hakukumhakikishia French mwisho mwema wa safari yake. Mtu anayengoja aonyeshwe mwisho ndipo aamue, huyo hajakabidhi kitu. Anataka kwanza dhamana.

Mtaniuliza: basi tufanyeje kesho? Bwana wetu mwenyewe ametuonyesha katika bustani ya Gethsemane. Kwanza alimwambia Baba yake waziwazi alichokitaka, yaani kikombe kile kimwondokee. Hakuificha hofu yake wala hakujifanya hana matakwa. Baada ya hapo ndipo alipoyaweka matakwa yake chini ya mapenzi ya Baba. Mtu hawezi kukabidhi asichokikiri kuwa anacho.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kesho kila mmoja aseme ukweli wake bila haya. Mwenye kazi hapa Ghuba aseme kwamba akiiacha kazi atapoteza na kibali cha kuishi, na ada za watoto zitakwama. Mwenye ndoa changa aseme. Aliye Toronto ambaye hajapata karatasi zake aseme kwamba akitoka hatarudi. Hayo si makosa, ndiyo dokezo la jalada letu.

Pili, tutafute habari kamili, na habari iliyo kubwa kuliko zote bado hatunayo. Tumejadiliana kama Mama Mkubwa ahamishiwe Dar es Salaam, au aajiriwe mtu wa kumtunza, au mmoja wetu arudi nyumbani. Sijasikia bado aliyemwuliza yeye. Huenda hataki kuliacha kaburi la mumewe. Huenda amechoka na upweke na yu tayari kuhama hata wiki ijayo. Naomba Mwenyekiti ampigie simu leo jioni, na sisi tusikie kwa sauti yake mwenyewe, kabla hatujathubutu kusema Mungu anataka nini juu yake.

Tatu, kila mmoja anapoomba usiku wa leo aruhusu jibu liwe ni yeye. Sala ambayo nimejiondoa ndani yake tangu mwanzo, nikimwomba Mungu amtume mwingine, si sala ya kujitoa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, Paulo na wenzake walizuiwa njia mbili. Njia ya tatu ilipoonekana walikata shauri kwa pamoja na kuondoka mara moja. Hawakuomba muda zaidi.

Baada ya chakula cha usiku, katibu atagawa karatasi. Kila nyumba iandike mambo matatu: miezi ambayo mmoja wao anaweza kukaa Magila katika mwaka ujao, kiasi inachoweza kutoa kila mwezi, na jambo isiloliweza kabisa. Mke wangu nami tumekwisha kuandika yetu. Tutakwenda sisi wawili mwanzoni mwa Januari, tukae miezi mitatu. Sisi wastaafu hatuna mwajiri wa kutuzuia. Tunao wajukuu, na dawa za shinikizo la damu, ambazo hata Muheza zinapatikana. Kuanzia Aprili nafasi iko wazi.

Karatasi zote zikiisha kukusanywa, tutaziweka mezani, tutasimama na kuomba. Hapo ndipo nitakaposema pamoja nanyi, kwa moyo mweupe, "Tumwachie Mungu."

Mungu ambariki Mama Mkubwa, aubariki ukoo wetu popote ulipotawanyika, na atupe usiku wa leo mioyo isiyojificha.